Fyuzi ya Kumi na Mbili

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za stoo, koti la kazi na bisibisi mbili za ofisi. Nilitia sahihi, nikarudi kuhakikisha nimetia sahihi, kisha nikatoka. Mkataba wangu wa miaka sita umekwisha. Nina umri wa miaka thelathini na miwili, na wenzangu wa ofisi ya Kitui wameamua kuniita Mstaafu. Hata keki waliyoninunulia iliandikwa hivyo. Sikubisha. Ukihesabu saa nilizokaa macho nikijiuliza kama nilifunga skrubu fulani, nadhani nimefikisha ile miaka inayotakiwa.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wawili watakaokaa kwenye meza yangu kuanzia Jumatatu. Mtasikia habari zangu. Mtaambiwa niliwahi kukimbia shambani nikipiga kelele kwa sababu ya fyuzi, na kwamba mama mmoja wa Kathonzweni alinikagua kama mwizi. Yote ni kweli, ila sikupiga kelele.

Kazi yenyewe mtaisoma kwenye vitabu. Tunakagua vifaa vya umeme vya nyumbani vinavyouzwa madukani Kitui na Makueni: pasi, birika, redio, mashine za kinyozi, hita za maji ya kuoga. Mimi nilipewa plagi. Sheria, ukiitoa lugha yake ngumu, inataka mambo machache. Kifaa kiuzwe kikiwa na plagi yake, si nyaya mbili zinazoning'inia. Plagi iwe ya miguu mitatu, ile minene ya mraba tunayoijua. Iwe na fyuzi ndani, na fyuzi ilingane na kifaa. Waya ubanwe vizuri pale unapoingia ili mtu akiuvuta usichomoke. Alama ya ubora iwepo, na iwe ya kweli. Basi. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilidhani hiyo ni kazi ya wiki mbili.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Kyalo. Alikuwa fundi wa ofisi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa simu, na hakuwa na digrii yoyote. Mimi nilikuwa nayo, ya uhandisi wa umeme, na nilikuwa nimeibeba kwenye bahasha endapo mtu angeuliza. Mzee Kyalo hakuuliza. Alinipa plagi na bisibisi, akasema, "Injinia, fungua hiyo, itoe nyaya zote, uzirudishe. Nakuja sasa hivi."

Alirudi baada ya saa moja akanikuta nasoma.

"Umemaliza?"

"Bado, Mzee. Nilikuwa nahakikisha kwanza utaratibu unaokubalika."

Akaitazama plagi. Ilikuwa imefungwa vilevile alivyoiacha. "Miaka mitano chuoni," akasema, "hamkuwahi kufungua plagi?"

Hatukuwahi. Tulichora mitambo ya kuzalisha umeme wa mji mzima, lakini plagi hakuna aliyetuonyesha. Akavuta kiti. Waya wa kahawia unakwenda kulia, kwenye fyuzi. Wa buluu kushoto. Wa kijani chenye mistari ya njano juu, kwenye mguu mrefu, na huo uuache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya wote ukivutwa kwa nguvu, huo wa kukinga watu uwe wa mwisho kuchomoka. Nimefungua maelfu ya plagi tangu siku hiyo na bado nasikia sauti yake kila ninapofika kwenye huo waya wa kijani.

Na fyuzi. Kama kifaa kinakula umeme mwingi, kama pasi au birika, unaweka ya ampea kumi na tatu. Kama ni kidogo, redio au taa ya mezani, unaweka ya tatu. Watu huweka ya kumi na tatu kila mahali kwa sababu ndiyo inayopatikana dukani na kwa sababu "haiungui ovyo." Mzee Kyalo alikuwa akisema fyuzi isiyoungua ni kama askari asiyeamka.

Kesi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Kabati. Kulikuwa na mwenye duka la vyombo vya umeme, mtu mcheshi, aliyeuza redio zenye plagi ya miguu miwili. Mnajua jinsi watu wanavyofanya: soketi yetu haifunguki mpaka mguu wa juu uingie, kwa hiyo mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu, kisha analazimisha ile miguu miwili iingie. Huyu bwana alikuwa ameona kalamu zinaharibika. Alichonga vijiti vya mti mgumu, akavipiga msasa vikawa laini kabisa, akafunga kimoja kwa uzi kwenye kila redio.

"Hii ni ya bure, mkubwa," akaniambia. "Mteja wangu hasumbuki kutafuta kalamu. Mbao hata haipitishi stima. Mimi nafikiria usalama."

Nilisimama pale nikikishika kile kijiti. Kilikuwa kazi nzuri kuliko plagi yenyewe. Kisha nikaanza kuwaza. Je, kijiti ni kifaa cha umeme? Kama si kifaa, kosa ni la redio au la kijiti? Kama ni zawadi, je, kimeuzwa? Nilirudi Kitui nikaandika ripoti ya kurasa saba, tatu kati ya hizo zikihusu kijiti. Mzee Kyalo alizisoma zote, akachukua karatasi, akaandika mistari mitatu: redio zina plagi isiyoruhusiwa, hazina fyuzi, ziondolewe mpaka ziwekwe plagi sahihi. Ya kijiti hakuitaja. Alikiweka mfukoni, na nadhani mpaka leo anakitumia kukorogea rangi.

Sasa nifike Kathonzweni, kwa sababu najua ndiko mnakongoja.

Ofisi ilikuwa imepata fyuzi feki kutoka kwenye shehena moja ya plagi. Kwa nje zilikuwa kama fyuzi yoyote ya ampea kumi na tatu, na maandishi yake safi. Ndani, badala ya ule uzi mwembamba wa kuungua na mchanga wake, mlikuwa na kipande kinene cha shaba. Hiyo haiungui kamwe. Hitilafu ikitokea, kitakachoungua ni waya, na baada ya waya, chochote kilicho karibu. Mzee Kyalo alizibakisha tano kwa ajili ya kufundishia, akakwaruza kila moja kwenye kofia yake, kile kichwa cha chuma mwishoni mwake, kwa msumari ili zijulikane. Alizitia kwenye mkebe mdogo wa mafuta ya kujipaka, akaniambia neno moja tu: "Hizi zisikae mkoba mmoja na nzuri."

Nilimsikia. Tatizo ni kwamba nilimsikia, kisha nikafikiria zaidi. Nilikuwa naenda kufundisha kikundi cha akina mama kwenye ukumbi wa kanisa Kathonzweni, jinsi ya kukagua plagi za nyumbani, na kila mmoja angepewa fyuzi nzuri ya kuondoka nayo, kumi na mbili kwa jumla. Kubeba mikoba miwili niliona ni hatari, kwa sababu ningeweza kusahau mmoja. Nikaweka vyote kwenye mkoba mmoja wenye mifuko mingi, na mifuko nikaiandika. Asubuhi nikaona maandishi hayasomeki vizuri, nikapanga upya. Kabla ya kuondoka nikapanga tena.

Mafunzo yalikwenda vizuri. Niliwaonyesha ile feki, wakaipitisha mkono kwa mkono. Wakauliza maswali mazuri kuliko yaliyoulizwa chuoni. Mama Mwende, mama wa makamo aliyekaa mbele, alisema waya wa inkubeta yake, lile sanduku la kuangulia mayai, umetafunwa na panya, na sanduku lenyewe liko kwenye chumba wanacholala wajukuu wake wawili kwa sababu ndicho chenye soketi. Nikamwambia abadilishe huo waya upesi. Kisha mvua ikaanza kutishia, watu wakasimama, nikakusanya vitu vyangu na kugawa fyuzi kwa haraka, moja, moja, moja.

Kesho yake ofisini nikafungua mkebe wa feki. Zilikuwa nne.

Nikazihesabu tena. Nikamwaga mkoba mezani. Kwenye mfuko mmoja wa pembeni nikaona fyuzi nzuri, safi, bila mkwaruzo. Nilikuwa nimebeba nzuri kumi na mbili, nimegawa kumi na mbili, na hii hapa moja imebaki. Basi mama mmoja wa Kathonzweni alikuwa ameondoka na ile ya shaba, amepewa na mkaguzi kwa mkono wake mwenyewe, baada ya saa mbili za mafunzo ya usalama.

Nadhani nilisimama pale dakika kumi. Nilitunga njia nyingi za kulimaliza bila kusema. Ningeweza kuwaita akina mama kwa "mafunzo ya awamu ya pili." Ningeweza kusema ofisi imepata fyuzi bora zaidi. Mzee Kyalo aliingia na chai yake, akaangalia meza, akaangalia uso wangu, akahesabu.

"Wanajua?"

"Bado, Mzee. Nafikiria namna ya kuwaambia bila kuwatia hofu."

"Wape hofu," akasema. "Piga simu sasa hivi. Mimi nawasha gari."

Nikampigia mwenyekiti wa kikundi, Mama Ndinda, mwenye duka la nafaka pale sokoni. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. 

"Yaani ile uliyotuonyesha tukasema ni mbaya sana," akasema, "ndiyo umetupatia?"

"Mmoja wenu, Mama. Sijui nani."

"Haki wewe!" Kisha nikasikia anacheka, na katikati ya kicheko ameshaanza kuita mtu. "Njooni tu. Nawaambia kila mtu achomoe plagi na alete hiyo kitu."

Njia nzima, kupitia mji wa Wote mpaka Kathonzweni, nilikuwa nahesabu fyuzi kichwani. Mzee Kyalo alijaribu kuniongelesha mara moja. "Injinia, umekula?" Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikasema nimekula.

Mama Ndinda alikuwa ameweka sinia juu ya gunia la ndengu mbele ya duka lake. Akina mama wanakuja mmoja mmoja, wanaweka fyuzi kwenye sinia, na kila mmoja ana neno.

"Mwalimu, mimi nilifikiri tumefanya mtihani jana, kumbe ni leo."

"Mimi yangu nilikuwa nimeificha mzee asiitumie kwa redio yake. Sasa ameona mahali naficha vitu."

"Usimcheke. Ketisha mtoto wa watu."

Nilishika kila fyuzi, nikaigeuza kwenye jua, nikatafuta mkwaruzo. Haukuwapo. Nikampa kila mmoja fyuzi yake arudi nayo. Kufikia saa sita zilikuwa zimekuja kumi na moja, zote nzuri. Nikauliza nani hajaja, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari.

"Mama Mwende," Mama Ndinda akasema. Hapo hakuwa anacheka. "Simu yake imezima tangu asubuhi."

Mwenye waya uliotafunwa. Mwenye wajukuu wawili kwenye chumba hicho. Mzee Kyalo alitupa kikombe cha chai aliyopewa na kuwasha gari.

Boma lake liko mbali kidogo na soko, na barabara inaishia kwenye shamba la mbaazi. Tulipofika mwisho wa barabara niliona moshi nyuma ya paa. Ndipo nilipokimbia. Niliruka ua, nikapita katikati ya kuku, nikazunguka nyumba, na nikamkuta Mama Mwende ameketi kwenye kigoda jikoni nje, anasukuma kuni chini ya sufuria. Wajukuu wawili walikuwa wanachambua mbaazi. Wote watatu walinitazama.

"Karibu," akasema. "Unakimbizwa na nini?"

"Mwaitu," nikasema, na huko ndiko kumwita mama kwa heshima katika Kikamba, neno pekee lililonijia, "ile fyuzi. Inkubeta. Iko wapi?"

"Inkubeta iko ndani, inafanya kazi yake. Fyuzi ninayo." Akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake, taratibu, kama mtu anayetoa nauli. Fyuzi ilikuwa pale. Nikaichukua, nikaigeuza. Mkwaruzo wa msumari wa Mzee Kyalo ulikuwa kwenye kofia, mrefu kama ukucha wa mtoto.

Nilikaa chini.  Mzee Kyalo alikuwa amefika, akaegemea mlango akihema, nikamwonyesha, na yeye akavua miwani akaanza kuipangusa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Hukuiweka," nikamwambia Mama Mwende.

"Ningeiwekaje?" Alikuwa amekasirika kidogo sasa. "Si wewe ulisimama pale mbele ukasema kifaa kidogo ni fyuzi ya tatu? Nikafika nyumbani nikasoma kile kibandiko cha inkubeta, wati mia moja themanini. Nikaangalia ulichonipa. Kumi na tatu! Nikasema huyu kijana ama amechoka ama ananipima. Nikaiacha ile ya tatu iliyokuwa ndani, nikafunga hii nikurudishie nikikuona."

"Na ule waya?"

"Nilimwita fundi jana hiyohiyo akaubadilisha. Ulisema upesi. Ulikuwa unamaanisha upesi gani?"

Nilienda kuangalia kwa macho yangu, mtanisamehe. Waya mpya, umebanwa vizuri, plagi haina joto, na mayai yamejipanga kwenye mwanga wa njano. Nilifungua plagi. Kahawia kulia, buluu kushoto, kijani na njano juu, mrefu kuliko wenzake, na fyuzi ya tatu mahali pake. Nilikaa na bisibisi mkononi, nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikuwa na swali lolote kichwani. Hata moja. Nilikaa hapo kidogo zaidi ili niufaidi huo utulivu.

Niwaeleze kitu kabla sijamaliza. Nilikuwa nimegawa fyuzi za ampea kumi na tatu kwa watu wote kumi na wawili bila kuuliza nani anaipeleka kwenye kifaa gani. Hata kama ile moja isingekuwa feki, kwa Mama Mwende ilikuwa kosa. Yale makosa mawili yalikutana kwenye fyuzi moja, na lile la ampea kumi na tatu ndilo lililomfanya asiitumie. Hilo halinipi sifa yoyote. Nililiandika kwenye ripoti kama lilivyotokea, ukurasa mmoja, na tangu siku hiyo ninauliza kwanza, "Unaenda kuiweka kwenye kifaa gani?" Nanyi ulizeni.

Niliporudi jikoni, Mama Mwende alikuwa ametandika mkeka na kupakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yaliyopikwa na mbaazi mbichi. Mzee Kyalo alikuwa ameshaanza. Nikanyoosha mkono kuchukua sahani.

"Ngoja," Mama Mwende akasema. "Fungua huo mkoba."

"Nini, Mwaitu?"

"Mkoba. Ufungue nione unavyobeba hizo vitu."

Nikamtazama Mzee Kyalo anisaidie. Alikuwa anatafuna kwa makini sana.

Nikafungua. Akaingiza mkono mwenyewe, akatoa mkebe, bahasha, kifuko cha plastiki, na fyuzi mbili zilizokuwa zimezagaa chini kabisa karibu na kalamu, ile nzuri iliyobaki na ile ya leso niliyokuwa nimeitumbukiza humo. Akavipanga mkekani. Wajukuu wakasogea.

"Hii?"

"Hiyo ni nzuri."

"Hii?"

"Hiyo ni mbaya."

"Na zimelala pamoja kwa nini?"

Ningeweza kumweleza habari ya mifuko iliyoandikwa, na kwa nini mikoba miwili ni hatari kuliko mmoja, na jinsi nilivyopanga mara tatu.  Kabla sijaanza akainuka, akaingia ndani, akarudi na chupa tupu ya dawa ya kuku yenye kifuniko. Akatia zile mbaya zote ndani, na ile iliyotoka kwenye leso yake akaitia ya mwisho. Akakaza kifuniko mpaka mkono wake ukabadilika rangi, kisha akampa Mzee Kyalo.

"Hii ubebe wewe," akamwambia. "Huyu abebe nzuri."

"Sawa, Mwaitu," Mzee Kyalo akasema, akaitia mfukoni bila kunitazama.

"Haya. Sasa kula."

Nilikula sahani mbili.